Rafu ya nyota isiyoguswa: jibu kwa mkutubi wa Kilifi

Swali: "Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo, Kaunti ya Kilifi. Idara ya fizikia imeanzisha somo la astronomia na sayansi ya anga za juu, nami nimepewa jukumu la kuandaa sehemu ya somo hilo maktabani. Ninavyo vitabu vipatavyo mia mbili, vingi vya msaada na vya zamani, darubini moja ambayo haijawahi kutolewa sandukuni, na bajeti isiyotosha kulipia hata jarida moja. Wahadhiri wanasema kila kitu kiko kwenye intaneti, wanafunzi hawaji, na mkuu wangu anauliza kwa nini rafu hizo zisipewe somo jingine. Maktaba za aina hii hukabili changamoto gani kwingineko, na mimi niwafikieje watu?"

Jibu:

Ndugu mkutubi, nitaanza na jarida, kwa kuwa naona ndilo linalokukosesha usingizi ilhali ndilo dogo kuliko yote uliyoyataja. Astronomia ni miongoni mwa sayansi chache ambazo maandishi yake ya utafiti yako wazi karibu yote. Tangu mwaka 1991, Paul Ginsparg alipoanzisha huko Los Alamos hazina ya nakala za awali ambayo baadaye ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell na leo inaitwa arXiv, wanaastronomia wamejizoesha kuweka makala zao humo hata kabla jarida halijazichapisha, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bila kulipa. Majarida yenyewe yamefuata: yale ya Jumuiya ya Astronomia ya Marekani, likiwamo Astrophysical Journal, yalifunguliwa kwa wasomaji wote mwaka 2022; Monthly Notices la Uingereza likafunguliwa mwaka 2024; na Astronomy & Astrophysics la Ulaya hufunguliwa mwaka hadi mwaka kwa utaratibu ambao maktaba zenye uwezo huendelea kulipia ili sisi wengine tusome bure. Kwa sehemu kubwa mzigo umehamia kwa mwandishi, ambaye sasa hudaiwa ada ya kuchapisha asipopata msamaha, na siku mhadhiri wako atakapokuwa na makala, kazi yako itakuwa kumsaidia kuuliza habari za msamaha huo kabla hajaituma, si baada ya ankara kumfikia.

Kwa hiyo wahadhiri wako wamesema kweli, ila wameiacha njiani. Makala zipo, anayejua njia ya kuzifikia ndiye haba. Nikupe mfano wa hapo hapo kwenu, ambao nakuomba uujaribu na wanafunzi wako kabla ya kununua kitu chochote.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani, nayo ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji. Orodha ya nne ya kazi yake, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kimoja cha vyanzo hivyo, Cygnus X-1, yaelekea ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza watafiti hao, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Sasa mwambie mwanafunzi aandike neno "Uhuru" kwenye simu yake. Atapata rais mstaafu, bustani ya Nairobi na kilele cha Kilimanjaro. Kisha mkalishe kwenye kompyuta ya maktaba, umfungulie ADS, hifadhidata ya bure inayotunzwa na Smithsonian Astrophysical Observatory kwa fedha za NASA, na umwandikie kwenye karatasi alama hizi: 1971ApJ...165L..27G. Mfundishe kuzisoma. Tarakimu nne za mwanzo ni mwaka. Herufi tatu zinazofuata ni kifupi cha Astrophysical Journal. Nukta hazina maana yoyote, zimewekwa kujaza nafasi ili kila utambulisho uwe na alama 19 kamili. 165 ni juzuu. L ni sehemu ya makala fupi zinazochapishwa kwa haraka. 27 ni ukurasa. Na G ni herufi ya kwanza ya jina la mwandishi wa kwanza, Giacconi. Akibonyeza, makala yenyewe inafunguka, ikiwa imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kutoka kwenye karatasi ya mwaka ule. Kijana aliyekulia karibu na Ngomeni akiona jina la setilaiti iliyorushwa mbele ya kijiji chao juu ya ukurasa huo, huhitaji tena kumweleza maktaba ni ya nini. Na chini ya kila makala mna orodha ya makala zilizoitaja baadaye, kwa hiyo kutoka 1971 anaweza kutembea mpaka leo bila kupotea.

Hiyo ni kazi ya dakika ishirini, nami ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aipate. Yenyewe tu inatosha kumjibu mkuu wako, lakini iko nyingine ambayo wakuu huielewa upesi zaidi, kwa sababu huishia kwenye ripoti ya mwaka. Katika shirika la ESO, lenye darubini zake kubwa nchini Chile, wakutubi ndio wanaopitia majarida na kuandika kwenye hifadhidata iitwayo telbib kila makala iliyotumia takwimu za darubini zao, na kutoka humo ndipo uongozi hupata majibu ya wafadhili wanaouliza fedha zao zilizaa nini. Wewe huna darubini ya Chile, lakini unao wahadhiri. Anza orodha ya kila makala, tasnifu na mada ya mkutano iliyotoka katika idara hiyo, iwe na utambulisho wake wa ADS pale ulipo, na uihuishe kila mwezi. Ndani ya mwaka mmoja idara itakuja kukuomba orodha hiyo, na aliyekuwa akiulizia rafu atakuwa anauliza mambo mengine.

Umeuliza pia kuhusu changamoto za wenzetu, nami sitazihesabu zote. Ile kubwa inafanana na yako: mwanaastronomia wa leo husoma arXiv asubuhi akiwa na kikombe cha chai mkononi, hakanyagi maktaba, na wenye hesabu wakiona kiti kitupu hudhani kazi nayo imekwisha. Maktaba za vituo vya uchunguzi zimeunganishwa na nyingine, zimehamishwa, au zimefungwa pamoja na vituo vyenyewe. Royal Greenwich Observatory ilipofungwa mwaka 1998 baada ya zaidi ya karne tatu, kumbukumbu zake zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimepata makao katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakutubi wa fani hii wamekuwa wakikutana tangu 1988 katika mikutano iitwayo LISA, wa kwanza ukiwa Washington na wa mwaka 2010 ukiwa Pune, India, na hao Wahindi ndio ningekushauri uwaangalie kwa makini kuliko Wamarekani. Tangu 1981 maktaba zao za astronomia zina ushirika uitwao FORSA, unaoziwezesha kuazimana na kutafutiana makala badala ya kila moja kujinunulia. Kenya ina KLISC na Tanzania ina COTUL, ambazo ni jumuiya za maktaba za masomo yote. Ndani yake wakutubi watatu au wanne wenye rafu za nyota kama yako wanaweza kuandika orodha moja ya pamoja bila kungoja kibali cha mtu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawana, na ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: majina. Neno "unajimu" katika Kiswahili hubeba elimu ya nyota na utabiri wa nyota kwa pamoja, na "falaki" nalo lina historia hiyo hiyo. Msomaji akifika dawatini na kuomba kitabu cha nyota, usikimbilie kumpeleka kwenye rafu ya 520, ya astronomia. Huenda anataka kujua nyota yake ya kuzaliwa, ambayo katika mpangilio wa vitabu wa Dewey iko 133.5, na ukimpa kitabu cha mzunguko wa sayari atakirudisha kesho na hatakuuliza tena. Mimi hutumia "astronomia" kwenye kibao cha rafu na kuacha "unajimu" na "falaki" kama maneno ya rejeo kwenye katalogi, yakielekeza pande zote mbili, bila kumhukumu aliyeuliza.

Sayari ni taabu zaidi. Katika baadhi ya vitabu vya Kiswahili vilivyotumika kwa miaka mingi shuleni Kenya, Zohali ni Uranus na Utaridi ni Pluto. Lakini katika mapokeo ya zamani ya pwani, na kwa Waarabu ambao majina haya yalitoka kwao, Zohali ni sayari ya pete, na Utaridi ndiyo iliyo karibu kabisa na jua, ile ambayo vitabu hivyo vya shule huiita Zebaki. Sarateni na Kausi, ambayo orodha hizo za shule zimeyatoa kwa Saturn na Neptune, asili yake si majina ya sayari hata kidogo. Ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota, Kaa na Mshale. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa shule ya msingi kwa kukariri orodha moja akikutana na kitabu kilichofuata orodha nyingine hudhani mwandishi amekosea, na mkutubi asiyejua habari hii hatakuwa na la kumwambia. Haikupasi wewe kuamua nani yuko sahihi, ingawa msimamo wangu umeshauona. Lililo lako ni kuandika rejeo. Kwenye katalogi, chini ya Zohali, andika: "Sayari ya pete, kwa Kiingereza Saturn. Katika vitabu vingine vya shule jina hili hutumika kwa Uranus." Fanya hivyo kwa majina yote yanayogongana. Ni kazi ya asubuhi moja, na sijaona katalogi nyingi zilizokwisha kuifanya.

Kuhusu vitabu mia mbili vya msaada, usivitupe kwa mkupuo wala usivihifadhi kwa huruma. Kitabu kinachodai kwamba hakuna sayari inayojulikana kuzunguka nyota nyingine iliyo kama jua letu kiliandikwa kabla ya 1995. Leo zinajulikana zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wetu, na kitabu hicho kikibaki kwenye rafu ya wanafunzi kitadanganya. Kinachohesabu sayari tisa ni cha kabla ya Agosti 2006, na hicho unaweza kukibakiza ukabandika kikaratasi ndani ya jalada. Vitabu vya hesabu za mwendo wa sayari, fizikia ya mwanga na jiometri ya angani havizeeki upesi. Atlasi za nyota zitazame ukurasa wa mwanzo: ikiwa imeandikwa kwamba nafasi za nyota ni za mwaka 1950, fahamu kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, na kwa miaka hamsini tu namba za mahali pa nyota hupotoka kwa takribani nyuzi 0.7, ambao ni upana unaoushinda mwezi mpevu. Kwa kujifunza makundi ya nyota bado inafaa. Kwa kuelekeza darubini itamchosha mtu bure.

Unyevu wa pwani unaujua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba kuvu huota kwenye lenzi kama inavyoota kwenye majalada, na ikishakula ile tabaka nyembamba juu ya kioo hakuna dawa ya kuirudisha; kwa hiyo darubini yako itoe sandukuni wiki hii, uitazame kwa tochi, na uihifadhi na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa kila mara. Maji nayo hayachagui tajiri. Mwaka 2016 bomba lilipasuka katika jengo la Harvard linalohifadhi sahani za kioo zaidi ya 500,000 zilizopigwa picha za anga kwa zaidi ya karne moja, na makumi ya maelfu ya sahani yakalowa. Usiweke chochote cha thamani sakafuni. Mtandao ukiwa wa kubahatisha, programu ya Stellarium ni ya bure na huonyesha anga ya Kilifi ya usiku wowote bila intaneti mara ikishasakinishwa, na Kiwix inaweza kukuwekea Wikipedia nzima kwenye kompyuta moja.

Sasa kuwafikia watu. Miaka kadhaa iliyopita, katika maktaba niliyokuwa nikiihudumia, tulibandika tangazo la "Jioni ya Astronomia". Walikuja watu wanne, wote wafanyakazi wenzangu, na mmoja wao alikuja kuzima taa. Mwezi uliofuata hatukubadilisha chochote isipokuwa maneno: tuliandika "Kwa nini bamvua ya Machi hupanda kuliko nyingine?" Mabenchi yalijaa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wenye nyumba za karibu na maji, na maswali yao yalikuwa magumu kuliko ya wanafunzi. Mzee mmoja alieleza bamvua na maji mafu kwa kuhesabu siku za mwezi kwenye vidole, bila kukosea; nasi tulichoongeza ni jua tu, kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu huvuta bahari kwenye mstari mmoja na jua, na kwamba mwezi Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, mvuto huo huungana vizuri zaidi. Jioni ile tuliazimisha vitabu kumi na vitatu.

Nimetaja kisa hicho kwa sababu wengi huanza na mashimo meusi, jambo linalovutia lakini halina pa kushika. Pwani ina mlango wake yenyewe. Ina maji, ina pepo za kusi na kaskazi, ina kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima walikitazama kupangia msimu na kukisemea kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ina pia mwezi wa Ramadhani. Siku mbili kabla ya kutafuta mwandamo, bandika maktabani karatasi moja yenye saa ya kuzama kwa jua, saa ya kuzama kwa mwezi, umri wa mwezi na upande wa kuutazama, ukome hapo. Kutangaza kwamba mwezi umeonekana ni kazi ya wenye mamlaka hayo, na maktaba ikijaribu kuamua itapoteza imani ya watu kwa usiku mmoja.

Darubini iazimishe. Najua moyo wa mkutubi unavyoshtuka kusikia hivyo, lakini tangu mwaka 2008 chama cha wapenda astronomia cha New Hampshire, Marekani, kimekuwa kikizipa maktaba za umma darubini ndogo za kioo cha milimita 114 ili zikopeshwe kama vitabu, na mpango huo umeigwa katika majimbo mengine mengi. Siri yao ni matayarisho. Vifuniko vyote hufungwa kwa kamba visipotee, lenzi ya jichoni ni moja tu ya kukuza na kupunguza, nayo hukazwa isitoke, na maelezo huandikwa kwa lugha ya mtu ambaye hajawahi kushika darubini. Yaandike ya kwako kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, ukianza na mwezi, kwa sababu mwezi haumkatishi mtu tamaa. Kama sandukuni mna kichujio kidogo cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jichoni, kitoe na ukiharibu. Vichujio vya namna hiyo hupasuka kwa joto mtu akiwa anatazama, na jicho haliponi. Kichujio salama ni kile kinachofunika mdomo wote wa mbele wa darubini.

Onyo hilo lina tarehe yake. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa katika ukanda unaopita Afrika Kaskazini, Luxor, Jeddah na Makka, Yemen na kaskazini ya Somalia, na karibu na Luxor giza litadumu dakika 6 na sekunde 23. Kwetu Kenya litapatwa kwa sehemu tu, maana yake hakutakuwa na nukta hata moja salama ya kulitazama kwa macho matupu. Mwaka 2017 maktaba za umma za Marekani ziligawa miwani ya kupatwa zaidi ya milioni 2 kupitia mtandao mmoja wa maktaba, na sokoni wakati huo huo kulikuwa na miwani bandia. Wewe huhitaji mamilioni. Omba fedha sasa, agiza miwani yenye kiwango cha ISO 12312-2 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na agizo lako lifike kabla ya Mei 2027, maana bei itapanda na bidhaa mbovu zitaingia. Kwa atakayekosa, toboa tundu la sindano kwenye kadi ya katalogi ya zamani, ambazo naamini unazo mamia, na jua litajichora likiwa na pengo lake kwenye karatasi nyeupe chini, mtu akiwa ameligeuzia mgongo. Waanze wanafunzi wa mwaka wa kwanza kufanya mazoezi ya kadi hizo uani, siku yoyote yenye jua, muda mrefu kabla ya Agosti.